Spana ya Mama

Ndugu msomaji, kama na wewe unaandika riwaya ya upelelezi, hebu nijibu: mpelelezi wako amewahi kuchafuka grisi? Wangu hajawahi. Sisi tuliokua tukigombania nakala zilizochanika za Willy Gamba wa Elvis Musiba, risasi kwetu ilikuwa mlio tu. Inalia, mtu anaanguka, tunafungua ukurasa mwingine.

Mimi nilimaliza kidato cha nne Tabora. Risasi nimeijulia hapa Columbus, jimbo la Ohio, kwenye gereji ya mzee mmoja jirani wa dada yangu. Alitaka nimwite kwa jina lake, kama wafanyavyo Wamarekani. Ulimi ulikataa, nikawa namwita Mzee mpaka akazoea. Huyu bwana hulenga shabaha kila Jumamosi, na risasi hujitengenezea mwenyewe. Huyeyusha madini ya risasi (kwetu madini yenyewe na kile kinachoua vina jina moja, jambo lililomchekesha sana), humimina kwenye kalibu, kisha huzipitisha kwenye mashine iliyofungwa mezani kwa bolti. Unavuta mkono wa mashine chini, risasi inasukumwa ndani ya bomba fupi la chuma wanaloita dai. Dai linaibana ifikie kipimo, tuseme inchi 0.358 kwa bastola ya .38. Papo hapo grisi inapenya kwenye vitundu vya dai na kujaza mfereji unaozunguka kiuno cha risasi. Bila grisi hiyo madini laini hujipaka ndani ya mtutu, na shabaha inaharibika.

Na grisi yenyewe, nusu yake ni nta ya nyuki! Mtoto wa Tabora nimevuka bahari kuja kukutana na harufu ya nyumbani kwenye gereji ya Mzungu.

Sasa, mashine ilikuwa inavuja. Grisi inatoka juu ya dai, inatoka chini, inachuruzika mezani. Kibaya zaidi ilijipaka kwenye kitako cha risasi, pale panapokutana na baruti, na baruti ikishaingia grisi haiaminiki tena. Mzee alikuwa akifuta risasi moja moja kwa kitambaa, na vidole vyake vina baridi yabisi. Siku moja akaniambia ataiuza. Alisema kwa sauti ya mtu anayeuza ng'ombe wake wa mwisho.

Tukaifungua, nami nikatoa daftari la riwaya. Pete ya mpira inayovaa dai ilikuwa imekauka na kupasuka, tukaweka mpya. Dai lilikuwa na safu mbili za vitundu, ilhali risasi zake zina mfereji mmoja, kwa hiyo vitundu vya juu vilikuwa vinaitemea grisi pua ya risasi. Mzee akaviziba kwa marisau, akiyagonga taratibu kama fundi saa. Kisha akarekebisha kipini cha chini kinachopokea kitako, ili mfereji usimame sawasawa na vitundu vilivyobaki. Uvujaji ukapungua, ila haukuisha.

Jioni mbili nilikaa kumtazama tu. Kumbe shida ilikuwa presha. Grisi husukumwa na skrubu inayozungushwa kwa spana. Mzee alikuwa anaizungusha raundi nzima nzima kwa mkupuo, halafu anabana risasi ishirini bila kuigusa tena. Za kwanza zinaogelea, za mwisho zina njaa. Dai likibaki tupu, ile grisi yenye presha inatoka na kujikusanya juu ya kipini, ikingojea kitako kinachofuata. Tena kuna hita chini ya mashine, ya kulainisha grisi wakati wa baridi, nayo alikuwa akiiacha inawaka anapokwenda kula. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 60 na kidogo za Selsiasi, lakini kabla ya hapo huwa imeshalegea.

"Mzee, kwa nini usizungushe kidogo kidogo?"

Akanyamaza. Halafu akasema spana ile ilikuwa ya mke wake. Miaka thelathini yeye alivuta mkono, mama akakaa kushoto kwenye stuli akizungusha robo raundi kila baada ya risasi chache, huku wakipiga soga. Mama alifariki mwaka juzi. Na bega la Mzee halimruhusu kunyoosha mkono upande ule kila mara.

Sikuwa na la kusema. Nikavuta stuli.

Siku hizi Jumatano jioni mwenye spana ni mimi. Risasi tatu, robo raundi. Tukimaliza narudisha skrubu nyuma presha iishe, tunaacha risasi moja ndani ya dai kama kizibo, tunazima hita. Meza kavu. Mzee huzipanga risasi kwenye boksi kama mayai, na mimi kusema kweli sipendi kuziangalia pale, maana najua kitu kile kinaweza kufanya nini. Yeye anajua kwamba nawaza hivyo. Hatubishani. Tunanawa kwa sabuni mpaka viwikoni, kwa sababu madini yale ni sumu, ndipo tunakunywa chai.

Riwaya iko sura ya tatu. Jambazi wangu alikuwa na risasi arobaini na sita, nimemfutia arobaini. Nimempa na mke, anayekaa kushoto kwake kwenye stuli. Jina la huyo mama bado sijalipata.