Daftari la michango

Shangazi yangu alifariki usiku wa Jumamosi, na kabla jua la Jumapili halijapanda juu ya michungwa kamati ilikuwa imeshakaa. Hakuna aliyemtuma mwenzake. Mmoja alikwenda kuazima turubai na viti vya plastiki, mwingine alipanda baiskeli kufuata sanda dukani, vijana wakachukua majembe na sururu kwenda kuchimba kaburi. Mimi nikakabidhiwa daftari la michango, kwa kuwa ni mwalimu na mwandiko wangu unasomeka. Alasiri tukamzika. Hadi Jumatatu usiku, matanga yakiwa bado hayajaanuliwa, daftari lilikuwa na majina 94 na shilingi 1,860,000.

Daftari hilo ninalo mpaka leo. Hiyo ilikuwa mwaka 2013, kijijini kwetu mkoani Tanga, chini ya milima ya Usambara. Kila ninapolifungua sizisomi zile siku mbili za msiba. Nasoma siku kumi na tisa zilizozitangulia, ambazo hazimo, kwa sababu siku hizo hazikuwa na kamati.

Shangazi alikuwa na saratani ya titi. Uvimbe aliuficha kwa haya, karibu miaka miwili, akiufunika kwa kanga mbili badala ya moja. Tulipomfikisha Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, ugonjwa ulikuwa umeshatembea. Daktari alikaa naye chini akamweleza taratibu, bila kumdanganya wala kumtisha, kisha akatushauri tumrudishe nyumbani na tumtafutie huduma ya karibu. Kwetu kijijini habari ile ilitafsiriwa kwa neno moja: wamemkatia tamaa.

Kidonda kilipofunguka kikaja na harufu. Naandika jambo hili wazi kwa sababu wanaouguza wanalijua na wanalionea aibu. Majirani walikuwa wakifika barazani, wakimuulizia hali hapohapo barazani, na kuondoka. Siwalaumu, mimi mwenyewe nilijifunza kupumulia mdomo. Binti yake na mimi tulipokezana usiku. Mgonjwa anaugua, sisi tunauguza. Ni neno lilelile, limeongezwa herufi moja tu, na mtu aliyekaa usiku kucha pembeni ya kitanda cha kamba anajua kwa nini lugha yetu haikuyatenganisha zaidi ya hapo.

Kisha akaja sista. Alikuwa muuguzi wa mradi mmoja wa wagonjwa wa majumbani, akija kwa pikipiki kutoka hospitali iliyo kilomita 40 na ushei, mara moja kwa wiki. Siku ya kwanza alivua viatu mlangoni, akaingia moja kwa moja mpaka kitandani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Usisogee sana, nanuka."

"Nimekuja kwa ajili hiyohiyo, mama."

Alisaga vidonge vya metronidazoli, vilevile tunavyopewa kwa kuharisha, akanyunyiza unga wake kwenye kidonda baada ya kukisafisha. Dawa ya bei ndogo kabisa. Baada ya siku chache harufu ilipungua, kisha ikaisha. Wiki ya pili mama mmoja jirani, bila kualikwa, alikuja na ukindu wake akakaa chumbani kusuka mkeka huku akimsimulia shangazi habari za mnada.

Dawa ya pili ilikuwa mofini, unga uliochanganywa na maji ndani ya chupa ya plastiki. Sista alitufundisha kuipima: kila baada ya saa nne, na usiku dozi mbili kwa mpigo ili mgonjwa alale na sisi tulale. Alituonya kwamba inafunga choo, akatuelekeza tukaushe mbegu za papai na kuzisaga, endapo vidonge vya choo vitakosekana. Binti yake aliogopa. "Hii si ndiyo wanayolewea mjini?" Sista hakumcheka. Alimweleza kwamba anayekunywa kwa kipimo kutuliza maumivu hatafuti kulewa, anatafuta kupumua. Usiku ule shangazi alilala mpaka adhana ya alfajiri. Mimi sikulala, nilikaa nasikiliza pumzi yake, siamini.

Miezi minne aliyopata baada ya hapo si ya kumponya, na hakuna aliyemwahidi hivyo. Lakini alirudi kuwa mtu. Alitaka kutolewa nje aione michungwa. Alimwita mdogo wake, ambaye hawakuwa wakisemezana tangu mirathi ya babu, wakafunga mlango, na walipofungua wote wawili macho yalikuwa mekundu. Alituonyesha ilipo hati ya shamba. Alinifundisha pishi la bada, ambalo nilikuwa nimelidharau ujana wangu wote. Mtu anayeumwa na saratani bila dawa ya maumivu hana nafasi ya kuomba radhi wala kusamehe. Maumivu yanakuwa yamechukua nyumba nzima.

Nchini kwetu huduma ile inaitwa tiba shufaa. Sijui aliyelichagua neno hilo alikuwa na nini moyoni, lakini mtu wa pwani akilisikia anasikia jambo la pili: shufaa ni uombezi, ni kusimama mbele ya mwenye uwezo kwa ajili ya yule asiyeweza kujisimamia. Sista alikuwa amesimama kwa ajili ya shangazi. Swali lililonichukua miaka kulipata ni nani alikuwa amesimama kwa ajili ya sista.

Alhamisi moja hakuja. Ya pili hakuja. Chupa ilipobaki vidole viwili nilipanda daladala kumfuata. Nikaikuta pikipiki yake chini ya mwarobaini, tairi zimeanza kukaa. Mradi umeisha, niliambiwa. Wafadhili wamemaliza muda wao. Mofini iliyobaki inatolewa kwa saini ya daktari, na daktari yuko semina. Nilirudi na panado. Siku kumi na tisa zilizofuata sitazieleza, ila niseme tu kwamba yule jirani wa mkeka aliacha kuja, si kwa harufu safari hii, bali kwa kilio.

Nilikaa na hasira kwa wale wafadhili muda mrefu, mpaka nilipoanza kusoma. Huduma za wagonjwa majumbani katika nchi yetu zilikua sana kwa fedha za nje zilizokuja kwa ajili ya Ukimwi, na wagonjwa wa saratani wakapandishwa kwenye gari lilelile. Kulikuwa na mfuko wa kumbukumbu ya Diana wa Uingereza, uliosaidia tiba shufaa katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo. Ulifungwa mwishoni mwa 2012, wala haukufilisika. Ulikuwa umeamua mapema kutumia fedha zake zote na kufunga, na ulilitangaza hilo. Fedha ya mgeni ina tarehe ya kuondoka, na hilo si kosa lake. Mapema mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ghafla, nilizifikiria pikipiki zote zilizokuwa zinaegeshwa chini ya miarobaini.

Tena jambo hili halihusu umaskini peke yake. Uingereza, alikofungua Cicely Saunders hospisi ya St Christopher's, nyumba ya kuwatunza wasiopona, mwaka 1967, mpaka leo hospisi nyingi hupata kutoka serikalini sehemu ndogo tu ya gharama zao, na zilizobaki huzisaka kwa maduka ya mitumba na mbio za hisani. Ni kana kwamba kila mahali watu wamekubaliana kuwa kuzaliwa ni jukumu la umma na kufa ni sadaka.

Jirani zetu Uganda walikwenda hatua ambayo naitamani. Daktari Anne Merriman aliingia Kampala mwaka 1993 na kanuni rahisi ya kuchanganya mofini ya maji. Serikali ikakubali kuigharimia ili mgonjwa aipate bure, na mwaka 2004 wauguzi waliosomea wakaruhusiwa kisheria kuiandika wao wenyewe, bila kumsubiri daktari aliye semina. Nasema hivi nikijua mizani ilivyo. Kamisheni ya jarida la Lancet mwaka 2017 ilihesabu tani 298.5 za mofini na dawa za jamii yake zinazogawiwa duniani kwa mwaka, na nchi maskini kabisa zilifikiwa na kilo 100. Hata hivyo mofini yenyewe ni rahisi. Kilicho ghali ni mtu wa kuileta: mshahara wake, mafunzo yake, tairi, petroli.

Petroli ndiyo iliyonirudisha kwenye daftari. Sista alikuwa akitumia takriban lita tatu kuja kwetu na kurudi. Nilichukua kalamu nikagawanya. Michango yetu ya siku mbili ingemleta kila wiki kwa zaidi ya miaka mitano. Sikuandika hesabu hii kuwasuta ndugu zangu na majirani, maana waliotoa walitoa kwa mapenzi, wengine wakitoa cha mboga ya kesho. Wala sitaki kusema kila ukoo ungejinunulia petroli yake. Ukoo wetu ulikuwa na mwalimu wa kupanda daladala na kuuliza. Kuna nyumba zisizo na mtu kama huyo, na ndiyo maana nataka kamati ya mgonjwa iwe ya umma, iwe imeshakaa kabla mtu hajaugua.

Sasa nimestaafu, nahudhuria vikao vya kata. Mwaka jana niliomba kuuona mpango wa afya wa halmashauri. Nilikuta mafuta ya kusambaza chanjo, mafuta ya usimamizi, mafuta ya gari la wagonjwa. Nikauliza mafuta ya kumfikia asiyepona yako wapi. Ukumbi ulikaa kimya, kisha mzee mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, mtu huyo atafika lini kikaoni kudai?" Diwani aliandika kitu. Tangu 2023 tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na mwaka 2014 Mkutano wa Afya wa Dunia ulipitisha azimio la kuzitaka nchi kuingiza tiba shufaa katika mifumo yao ya afya. Nimeyanukuu yote mawili kwenye barua yangu, nimeipeleka kwa mkono, na mwezi ujao nitakwenda kuuliza ilipofika.

Sista alikuja kuhani ile Jumatatu. Alikuja kwa daladala, kwa nauli yake, akatembea kutoka barabarani kwenye vumbi. Yumo kwenye daftari, mstari wa 71. Alikataa niandike jina lake, kwa hiyo nimeandika "sista wa pikipiki", na mbele yake shilingi 5,000.