Papa na Mja Mzito

Akina mama wametuuliza iwapo papa ameharamishwa. La. Chakula cha bahari ni halali, na papa mkavu wa nazi ni kitoweo cha wazee wetu. Lakini tumeamrishwa kula kilicho halali na kizuri, na uzuri huo hutazamwa pia kwa hali ya mlaji.

Zebaki iliyomo baharini huliwa na viumbe vidogo, navyo huliwa na samaki, hadi ikajilimbikiza katika nyama ya papa na nduaro, walao wenzao na kuishi miaka mingi. Kuanika, kutia chumvi wala kupika hakuiondoi. Nayo humvuka mama ikafika ubongo wa mtoto tumboni. Huko Minamata, Japani, ambako maradhi yake yalitambuliwa mwaka 1956 baada ya kiwanda kumwaga zebaki baharini, walikuwako mama wasioonyesha dalili kubwa waliozaa watoto walioathirika vibaya. Bahari yetu si Minamata, hatutishi mtu.

Mja mzito na anyonyeshaye wamwache papa kwa muda, wale tafi, pono na dagaa. Kuwakataza samaki kabisa, kama baadhi ya mama wakwe wafanyavyo, ni kumnyima mtoto kinachojenga ubongo huo huo. Na waume wapitao sokoni jioni wawanunulie tafi, hata fungu la papa likiwa rahisi.