Kupima Maisha

Binadamu ni kiumbe apendaye kupima. Hupima kitambaa kwa mita, nafaka kwa debe na mwendo kwa kilomita. Mimi ni mwalimu. Kupima ni kazi yangu ya kila siku, na kalamu nyekundu ndiyo mizani yangu. Kwa hiyo, msomaji, hutashangaa nikikuambia kwamba kuna swali moja la vipimo ambalo limekaa moyoni mwangu kwa muda mrefu: maisha ya mwanamke mwenye saratani ya titi hupimwaje?

Swali hili si la mbali nasi. Hapa Kenya, hakuna saratani iwapatayo wanawake wengi kuliko hiyo. Jibu jepesi ni kuhesabu miaka, na kwa muda mrefu matabibu hawakuwa na jibu jingine. Mwishoni mwa karne ya 19, William Halsted wa Baltimore, Marekani, alieneza upasuaji wa kuondoa titi zima pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani. Njia hiyo ilitawala kwa zaidi ya nusu karne. Wengi waliopasuliwa hivyo walibaki na kifua kilichobonyea na mkono uliovimba. Walakini daftari la miaka halikuwa na safu ya kuandikia mkono uliovimba.

Baadaye Umberto Veronesi huko Milan na Bernard Fisher huko Marekani walijaribu njia ya upole zaidi: kwa mwanamke ambaye ugonjwa wake ungali mchanga, uondolewe uvimbe, titi lisalimike, kisha lichomwe kwa mionzi. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya miaka 20 ya kuwafuata wanawake hao. Walioondolewa uvimbe na walioondolewa titi zima waliishi muda sawa. Basi fikiri, msomaji: ikiwa njia mbili zinatoa miaka sawa, mtu atachagua kwa kipimo gani? Hapana budi aulize miaka hiyo inaishiwaje.

Kipimo cha namna hiyo kilikwisha kuanza kutafutwa. Mwaka 1949 Wamarekani wawili, David Karnofsky na Joseph Burchenal, walitangaza ngazi ya alama 0 mpaka 100. Mgonjwa asiye na lalamiko lolote alipewa 100. Aliyeweza kujitunza lakini asiweze kazi zake za kawaida alipewa 70. Na 0 ilikuwa alama ya mauti. Ngazi hiyo ilikuwa na faida kubwa, ila aliyetoa alama alikuwa tabibu, si mgonjwa. Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwaka 1976 Priestman na Baum, matabibu wa Uingereza, waliwataka wanawake wenye saratani ya titi iliyoenea watie alama wenyewe juu ya mistari iliyochorwa karatasini. Mwaka 1993 shirika la Ulaya la utafiti wa saratani likatoa karatasi ya maswali 30 kwa wagonjwa wa saratani zote, na mwaka 1996 yakaongezwa maswali 23 ya saratani ya titi: juu ya nywele, mkono, kifua, sura ya mwili, hofu ya siku zijazo, na mambo ya unyumba. Kalamu ikawa imehamia mkononi mwa mwenye mwili.

Karatasi hizo nazifahamu. Mama yangu mdogo, ambaye ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita, alipokwisha kuondolewa titi la kulia, nilifuatana naye kliniki. Macho yake yamepungua nguvu, nami nikaombwa nimsomee maswali. La kwanza lilihusu taabu ya kubeba vitu vizito, kama mfuko mzito wa bidhaa au sanduku la safari. Akacheka.

"Mwanangu," akasema, "safari yangu mimi ni ya kisimani. Niulize ndoo."

Nikamwuliza ndoo, na kicheko kikakoma. Mkono ule haukuweza tena kutwika ndoo, wala kusonga ugali, wala kuinuka hata asuke nywele za mjukuu wake. Jeraha lilikuwa limefunga vizuri, na kila aliyemtazama alimpongeza kwa kupona. Habari ya mkono hakumwambia mtu, maana hakuulizwa.

Tulipofikia maswali ya unyumba nilinyamaza. Karatasi haikujua kwamba mtoto hamwulizi mama mambo hayo. Muuguzi, mwanamke wa makamo, aliitwaa mkononi mwangu, akaniagiza nikanunue maji ya kunywa. Niliporudi niliwakuta wameinamiana, wakisema kwa sauti ya chini, na mama mdogo akifuta machozi kwa ncha ya kanga. Sikuuliza, wala sikuambiwa. Njiani tu, tukirudi nyumbani, alisema: "Watu wote wameliuliza jeraha. Leo nimeulizwa mimi."

Kwa sababu ya jibu la ndoo alipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akafundishwa kuunyoosha mkono na kuufunga kitambaa cha kubana. Mkono haukurudi kuwa kama zamani, lakini sasa husonga ugali wa watu wanne.

Katika mambo hayo nimeona mafunzo matatu. La kwanza ni kwamba jumla huficha. Wanafunzi wawili wenye alama 60 hawafanani: mmoja hajui hesabu, mwingine hajui lugha. Vivyo hivyo, wanawake wawili wanaweza kulingana kwa jumla, hali mmoja anakoseshwa usingizi na maumivu na mwingine na karo ya watoto. Ndiyo maana karatasi zile hutoa alama mbalimbali kwa mwili, kwa moyo, kwa usingizi, na hata kwa mfuko wa fedha.

La pili ni kwamba swali lina adabu yake. Karatasi iliyozaliwa Ulaya yafaa ijue ndoo na kisima, na ijue nani amwulize nani, na wapi. Asiyeheshimiwa katika kuulizwa hujibu "sijambo", na "sijambo" yetu yaweza kusitiri mengi.

La tatu ndilo kubwa: kupima bila kutenda ni kazi bure, sawa na mwalimu kusahihisha madaftari kisha akayafungia kabatini. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 766 huko New York, wenye saratani zilizoenea, ya titi ikiwamo. Baadhi yao waliulizwa hali zao mara kwa mara, na taabu ilipozidi muuguzi aliarifiwa. Muda wa kati wa kuishi kwao ulikuwa miezi 31, na wa wenzao waliotunzwa kwa desturi ya kawaida ulikuwa miezi 26. Tazama ajabu hiyo: waliotafuta ubora wa siku waliongezewa na siku zenyewe.

Kijana usomaye, yamkini kesho utakuwa tabibu au muuguzi. Na usipokuwa hao, hukosi kuwa mwana, ndugu au jirani wa mtu. Ukienda kumjulia hali mwanamke aliyepatwa na maradhi haya, usiridhike kumtakia maisha marefu. Mwulize siku zake zinakwendaje, amelalaje, ni kazi gani inayomshinda. Kisha keti, usikilize, na kama ni ndoo inayomshinda, itwike.