Spika inayonguruma na picha isiyokuja

Haya wasomaji, leo tuache programu kidogo twende nyuma ya runinga, kule kwenye vumbi na nyaya zilizosokotana.

Runinga bapa nyingi za siku hizi hazina tena yale matundu matatu ya njano, nyeupe na nyekundu. Zina HDMI, na pembeni kitundu cha duara cha milimita 3.5 kilichoandikwa AV. Mwenye mashine ya DVD ya zamani hununua waya wa kuunganisha: upande mmoja jeki, upande wa pili pini tatu za rangi. Unaingia vizuri kabisa. Na picha haiji.

Ndivyo ilivyompata mama mdogo wangu kule Voi. Ana diski ya harusi ya mwaka 2006 ambamo marehemu baba mdogo anatoa hotuba, na hana video yake nyingine. Fundi alimwambia upande wa picha wa mashine umeungua, akajitolea kuichukua "akaitupe". Mimi niko Nairobi, kwa hiyo shida tuliitafuta kwa simu.

"Shikamoo mama. Kuna sauti yoyote?"

"Marahaba mwanangu. Spika moja inaongea, nyingine inanguruma kama nyuki."

Nilifurahi sana kusikia habari za hao nyuki. Jeki hiyo ina sehemu nne za chuma zilizotenganishwa na pete nyembamba: moja ya sauti ya kushoto, moja ya sauti ya kulia, moja ya picha na moja ya ardhi. Taabu ni kwamba watengenezaji hawazipangi kwa namna moja. Huyu anaweka picha kwenye shina la jeki, yule anaiweka katikati. Ukikutanisha runinga ya huyu na waya wa yule, picha inapelekwa kwenye spika, na spika haijui picha, inanguruma tu. Kwa hiyo mngurumo ule ulikuwa picha yenyewe. Mashine ilikuwa nzima, ikitoa picha, ila mlango haukuwa wake.

Rangi za pini zipo kwa ajili yetu sisi. Umeme hausomi rangi.

Nikamwambia aiache pini nyeupe ilipo, achomoe njano na nyekundu pale kwenye mashine, azibadilishane.

"Nyekundu niitie kwenye njano? Haitalipuka?"

"Haitalipuka, mama."

Kimya kirefu. Kisha akasema polepole, "Amevaa ile suti ya kijivu." Nikamwacha aangalie.

Si kila mara mbinu hii itafaulu. Kama sehemu ya ardhi nayo imekaa mahali tofauti, utabadilishana pini mpaka usiku na picha haitatulia. Hapo nunua waya mwingine, ukiweza ule uliouzwa pamoja na runinga za aina yako. Na ukishapata picha, nakili diski yako kwenye flashi mapema, maana diski zilizorekodiwa na wapiga video wetu hazidumu milele.

Picha ikija bila rangi, chunguza kama tundu la njano kwenye runinga yako limechanganywa na la kijani. Runinga za namna hiyo huuliza unatumia AV au Component. Ukichagua Component inachukua mwangaza na kuacha rangi. Rudi kwenye rimoti, chagua AV.

Halafu kuna vile visanduku vya kugeuza. Someni maandishi kabla ya kulipa! HDMI2AV na AV2HDMI si kitu kimoja, na kimoja hakifanyi kazi ya mwenzake hata ukigeuze vipi. Dikoda yenye HDMI pekee ikienda kwenye runinga ya zamani yenye kisogo, unataka HDMI2AV. DVD ya zamani kwenye runinga bapa isiyo na tundu la AV, unataka AV2HDMI. Kwa kawaida huhitaji umeme wa USB, kwa hiyo taa yake isipowaka, anza hapo kabla hujamwita fundi.