Buti Zangu Zilioza Nikizitazama

Wasee, mnaniuliza kila siku kuhusu chuma cha chini ya buti za barafu: kinanolewa wapi, ni ngapi. Hakuna hata mmoja ameniuliza kuhusu soli. Na soli ndiyo iliniangusha.

Jozi yangu ya kwanza niliipata mitumba, Gikomba, ngozi nyeupe safi. Pesa zilikuwa zile Mama alinipa za semesta. Ndiyo, ile semesta sikurudi. Haikuwa buti peke yake, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine. Kila Jumapili nilikuwa Panari pale Mombasa Road, uwanja wa barafu uliofunguliwa 2005, nikijirekodi. Nikimaliza navalisha chuma vifuniko vya plastiki, natupa kila kitu kwa mfuko, napanda matatu. Buti zinalala humo wiki nzima.

Kwa video zilikaa poa sana. Huku chini, chenga za barafu zilizochongwa na chuma zilikuwa zinashika kwenye soli, zinayeyuka, maji yanaingia kwa mashimo ya skrubu na pembeni mwa kisigino. Ngozi ikawa laini kama mkate kwa chai. Siku moja nikizunguka, skrubu za kisigino ziking'oka, nikatua na mkono. Mama ndiye alilipa hospitali. Kuhusu semesta hakusema neno. Afadhali angesema.

Nilipeleka kiatu kwa fundi wa steji yetu. Mzee hajawahi kukanyaga barafu, lakini alitia msumari kwa shimo la skrubu, akatoa ngozi nyeusi, akainusa.

"Kijana, hii haikufia huko kwa barafu. Umeiulia nyumbani."

Jozi ya pili nayo ni mtumba. Kwanza niliiacha ikauke kabisa, maana ukipaka nta juu ya ngozi yenye maji unayafungia ndani. Kisha nikapasha nta ya nyuki kwa blodraya ya dadangu, moto wa chini, nikapaka soli yote na kisigino, nikarudia mpaka ngozi ikakataa kunywa. Skrubu nilizitoa moja moja, nikatia nta shimoni, nikazirudisha.

Siku hizi nikitoka tu, napangusa chuma na soli. Vile vifuniko vya plastiki ni vya kutembelea. Njiani navalisha chuma soksi ya nguo. Nyumbani nalegeza kamba, navuta ulimi, natoa soli ya ndani, naziacha kivulini. Jua hapana, jiko hapana. Ngozi itapasuka, bana.

Jumamosi Mama alinitembelea bedsita, akakuta buti zimeachama kando ya mlango. Akachukua kitambaa, akapangusa kisigino kimoja.

"Na hizi zilikuwa pesa ngapi?"

Nikamwambia. Akanyamaza, akapangusa na kile kingine.