Kengele ya Baba

Baba yangu ni dereva wa lori. Barabara ya kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam anaijua kama mimi ninavyokijua kitanda changu, na hilo ndilo lililokuwa likinitia hofu. Mtu husinzia upesi mahali alipopazoea.

Nilipokuwa mwaka wa mwisho wa chuo cha ufundi niliamua kumtengenezea kifaa cha kumwamsha. Nilinunua kamera ndogo inayoona gizani, nikaiunga na kompyuta ya ukubwa wa kiganja pamoja na kengele kali. Nilifuata kipimo kilichoanza kutumika Marekani mwaka 1994: unahesabu ndani ya dakika moja ni kwa muda gani kope zimefunika asilimia 80 ya jicho au zaidi. Muda huo ukizidi kiasi, basi dereva anasinzia. Pale uani nilimjaribia binamu yangu. Akifumba macho, inalia, akifumbua, inanyamaza. Watoto wakapiga makofi. Nami, bwana, nikajiona fundi kwelikweli.

Wakati wa likizo nikapanda lori na Baba pale Mbeya, alfajiri. Jua lilipochomoza mbele yetu, Baba akafinya macho. Kengele ikalia. Utingo akatia mzaha, Baba akacheka, macho yakawa madogo. Ikalia tena. Akainamia kioo cha pembeni, ikalia. Kabla hatujafika Igawa nilikuwa nimehesabu mara 19, na Baba hana hata lepe la usingizi.

"Mwanangu," akaniambia kwa upole, "chombo chako hiki kina wivu. Hakitaki nicheke."

Makambako akachomoa waya. Nilinuna mpaka Iringa.

Usiku, saa tisa hivi, tulikuwa tumeiacha Mikumi, tunaitafuta Doma. Utingo anakoroma. Mara nikasikia matairi ya kushoto yanasaga kokoto. Nikamtazama Baba: kidevu kifuani, mikono bado imeshika usukani.

"Baba!"

Alishtuka, akalirudisha gari lamini. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, lori hukata karibu mita 17 kila sekunde. Sijui tulikata sekunde ngapi. Mbele kidogo aliegesha, akazima injini. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Sikuwahi kuiona ikitetemeka.

Pale gizani ndipo nilipoliona kosa langu. Uani nilijaribu jambo moja tu, kama kengele italia inapopaswa kulia. Sikujaribu kama itanyamaza inapopaswa kunyamaza. Mtu uliyemdanganya mara 19 hatangoji ya 20 ili akuamini. Kampuni ya Mercedes-Benz ilipotoa kifaa chake cha kuonya uchovu mwaka 2009, kilianza safari kwa kujifunza jinsi dereva huyo mwenyewe anavyoushika usukani, ndipo kikamwonya. Mimi nilichukua macho ya binamu yangu nikayafanya kipimo cha macho ya Baba, mtu wa miaka 54 aliyekula vumbi la barabara tangu ujana.

Nikamwambia, "Baba, nitaitengeneza upya."

"Itengeneze. Lakini mimi tangu juzi sijalala, mwanangu. Tajiri anautaka mzigo bandarini saa mbili asubuhi. Kengele itaniamsha, sawa. Huo usingizi wangu itaupeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Alilala pale pale mpaka kukapambazuka, na mzigo ulichelewa. Alikatwa mshahara.

Kengele niliitengeneza upya. Sasa inayasoma macho yake kwanza kwa dakika kumi, mchana na usiku kila moja kwa hesabu yake. Ikimwonya mara ya tatu, inawasha taa nyekundu ambayo haizimiki mpaka gari lisimame. Hulia mara chache, na Baba hachomoi waya tena.

Juzi aliniuliza kama waya huo unaweza kuvutwa ukafika nyumbani kwa tajiri. Utingo alicheka. Baba hakucheka, nami nikakaa kimya nikiwaza.