Shati Jeupe Halijawahi Kupanda Matatu

Unajua zile video za "vitu kumi ambavyo kila msichana lazima awe navyo". Shati jeupe, suruali ya kitani, koti refu la kaki, viatu vya ngozi. Anayeongea ana mashine ya kufua. Wewe unafua kwa mkono, maji ya mtungi, halafu hilo shati linapanda matatu saa kumi na mbili asubuhi. Ukifika tao, kola ishakuwa rangi ya chai. Na kitani usiniambie. Ukikaa tu, imejikunja kama karatasi ya maandazi.

Kuna pia hii ya kutafuta "rangi zako". Eti angalia mishipa ya mkono kama ni ya buluu au kijani. Mimi nikiangalia wangu naona mkono tu. Ni wazi aliyebuni kipimo hicho hakuwa anafikiria ngozi kama yangu, lakini watu wetu wanakirudia neno kwa neno, tena kwa lafudhi.

Wiki jana msichana anayejiunga na chuo aliniuliza: nina elfu mbili, ninunue nini nikae kama tajiri wa zamani? Elfu mbili ndiyo yote aliyonayo ya nguo. Nilimwambia mia tano aweke ya fundi kwanza, na aende sokoni bila picha kwenye simu.

Kwa sababu Gikomba huchagui, unapata. Ukifika beli ikifunguliwa unakuta kamera, ila bei yake jikaze. Ukichelewa ni fagia. Ukitafuta koti la kwenye video utauziwa binamu yake wa mbali. Afadhali uguse vitambaa, ugeuze ndani uone mshono, uendelee kutembea. Ukirudi mara kadhaa utagundua mkono wako unaenda kwa vitu fulani bila kuuliza mtu.

Wangu huenda kwa mashati ya wanaume, makubwa, ya mistari. Hakuna video iliyonituma. Mamangu huniuliza kama nimeolewa na karani. La mwisho nilipata kwa mia mbili, nikalipeleka kwa fundi wa hapa stejini, akapunguza mabega na kuacha urefu, mia na hamsini. Alitaka kubadilisha vifungo pia, vile vya kahawia vilivyopauka.

Nikamwambia hivyo asiguse.